Siku 13 za mafuta: kutoka Castelvetrano hadi Imperia

Safari hii inafuata mavuno. Zeituni huanza kuchumwa kusini mwa Italia mapema Oktoba, kisha kazi hupanda kaskazini. Anayetaka kuona mafuta yakitoka kinuni, kila mkoa kwa zamu yake, aanzie Sicilia na amalizie Liguria. Ratiba ni ya wiki ya mwisho ya Oktoba na ya kwanza ya Novemba, kwa gari la kukodi, maana vinu vingi viko mashambani. Pamoja na zeituni tumeweka mafuta mengine yanayopika chakula cha huko: ya nguruwe, siagi, na samli ya Milano. Kwa msomaji asiyekula nguruwe tumetaja yalipo, kwa sababu mara nyingi yamejificha ndani ya mkate na vitafunio. Neno la kusikiliza ni strutto, yaani mafuta ya nguruwe yaliyoyeyushwa, na Napoli ni sugna.

Siku ya 1, Castelvetrano

Mzeituni wa hapa ni Nocellara del Belice, wenye tunda kubwa la duara na nyama nene. Tunda hilo lina kazi mbili. Makubwa yasiyo na doa huchumwa kwa mkono yakiwa mabichi, huloweshwa kwenye maji ya soda kali na chumvi, kisha huoshwa na kuliwa mezani. Kwa kuwa hayachachushwi, hubaki na kijani kinachong'aa na utamu laini. Mengine huenda kinuni.

Kinu ndicho cha kutazama kwa makini siku ya kwanza, kwa kuwa hatua zake ni zilezile hadi mwisho wa safari. Zeituni zifike kwenye kreti zenye matundu, tabaka lisiwe nene. Magunia ni adui: matunda yakibanana hupata joto, hukosa hewa na kuchachuka ndani kwa ndani, na mafuta yake hutoka na harufu ambayo Waitalia huiita riscaldo. Harufu hiyo haiondoki kwa kuchuja wala kwa kuyaacha mafuta yatulie. Mwenye kinu makini hushindika siku ileile ya kuchuma. Zeituni zilizolala siku mbili zimeshapoteza kile ambacho mnunuzi atakilipia.

Majani hupeperushwa, matunda huoshwa, kisha husagwa pamoja na kokwa zake mpaka yawe rojo. Rojo huingia kwenye gramola, birika la chuma lenye mapanga yanayozunguka polepole, na hukaa humo dakika 20 hadi 40 ili matone madogo ya mafuta yaungane. Hapa ndipo mafuta hutengenezwa au huharibiwa. Ukipandisha joto na kurefusha muda, mafuta huongezeka, lakini harufu hupaa na polifenoli, zile kemikali zinazoyapa uchungu na kuyalinda yasichache, hupungua. Maneno estratto a freddo yanaruhusiwa kwenye chupa ikiwa tu joto lilibaki chini ya nyuzi 27. Kipimajoto huwa kwenye gramola yenyewe, na mgeni anaruhusiwa kukiangalia.

Kutoka hapo mtambo wa kuzungusha kwa kasi hutenga mafuta na maji na mashudu. Mwisho ni kuchuja. Wengi hupenda mafuta yasiyochujwa, yale mazito yenye wingu, wakidhani ndiyo ya asili zaidi. Lile wingu ni maji na chembe za tunda. Huzama chini ya chupa, huchachuka, na baada ya miezi michache chupa nzima hunuka mashapo. Yasiyochujwa yaliwe ndani ya wiki chache, au yasinunuliwe.

Kilo 100 za zeituni za mapema hutoa kilo 10 hadi 14 za mafuta. Zikiachwa ziive zaidi huweza kufika 20. Tofauti hiyo ndiyo unayolipia kwenye chupa ya Oktoba. Nocellara ya mapema hunuka nyanya mbichi na majani yaliyokatwa, na wenyeji huila kwa mkate mweusi wa Castelvetrano: mkate hupasuliwa ukiwa wa moto, mafuta humiminwa kwanza ili yanyonywe, kisha nyanya, dagaa wa chumvi, oregano na jibini changa. Ukianza na nyanya, maji yake huziba matundu ya mkate na mafuta hubaki juu yakiteleza.

Siku ya 2, Palermo

Mji wa kukaanga. Panelle ni vipande vyembamba vya unga wa dengu, unga uleule wa bajia, ila hapa hupikwa kwanza kama ugali. Gramu 500 za unga kwa lita 1.5 za maji baridi na chumvi, koroga mabonge yaishe kabla ya kuweka motoni, kisha usiache mwiko hadi rojo liachane na sufuria. Weka majani ya parsley, tandaza upesi kwa unene wa milimita 3 hadi 4, acha lipoe kabisa, kata, kaanga. Panelle zinazokatika kwenye mafuta zimekosa muda wa kupika, na zenye uvimbeuvimbe ziliwekwa unga kwenye maji ya moto.

Pembeni ya panelle kuna mkate wa wengu, pani ca meusa. Wengu na mapafu ya ng'ombe huchemshwa, hukatwa vipande vyembamba, halafu hukaangwa ndani ya strutto. Nyama ni ya ng'ombe lakini mafuta ni ya nguruwe, na ishara ya duka haisemi hivyo. Ganda la cannoli, andazi tamu la Sicilia, vilevile: kwa desturi strutto huingia kwenye unga pamoja na mvinyo wa Marsala, na mara nyingi ndiyo hukaangia pia. Uliza vyote viwili.

Siku ya 3, njiani

Palermo hadi Messina, kivuko cha dakika 20 kwenda Villa San Giovanni, kisha Calabria. Simama kwenye uwanda wa Gioia Tauro kutazama mizeituni mirefu kama miti ya msitu. Urefu huo ni tatizo. Hakuna ngazi inayofika juu, kwa hiyo kwa vizazi vingi zeituni ziliachwa zianguke zenyewe kwenye nyavu, zikiwa zimeiva kupita kiasi na kupondeka. Mafuta ya namna hiyo yalikuwa ya taa na sabuni. Leo wakulima hupunguza matawi kwa misumeno na kutikisa mashina kwa mashine, na palepale yanatoka mafuta mazuri.

Siku ya 4, Gallipoli na Salento

Chini ya mji mkongwe wa Gallipoli kuna vinu vilivyochongwa ndani ya mwamba. Kile cha Palazzo Granafei kinaingilika kwa wageni. Sababu ya kushuka chini ilikuwa joto: mafuta ya zeituni huganda kwenye baridi na hayatiririki, ilhali pangoni hali hubaki ileile msimu mzima, ikisaidiwa na pumzi za watu, nyumbu na taa. Nyumbu alizungusha jiwe, rojo likatandazwa kwenye mikeka ya duara, mikeka ikapangwa chini ya shinikizo la skrubu za mbao. Watu walikaa humo kuanzia vuli hadi majira ya kuchipua, chini ya msimamizi aliyeitwa nachiro, neno lenye asili ya Kigiriki la nahodha wa merikebu. Ukisimama ndani na kugusa dari kwa mkono, unaelewa mafuta hayo yalikuwa na gharama gani ya mwili.

Mafuta yenyewe hayakwenda jikoni. Yaliwasha taa za Ulaya, London ikiwamo, na meli zilikuja kuyachukua Gallipoli. Gesi na mafuta ya taa vilipoenea katika karne ya 19, biashara ikafa. Jina limebaki kwenye sheria: mafuta yenye asidi huru zaidi ya asilimia 2, au yenye kasoro kubwa ya harufu, huitwa lampante hata leo, na hayauzwi kwa mlaji mpaka yasafishwe kiwandani.

Nje ya mji hali inaumiza. Mwaka 2013 bakteria Xylella fastidiosa ilitambuliwa karibu na Gallipoli. Inaziba mishipa inayopandisha maji, matawi hukauka kuanzia juu, na mti wa karne tano hugeuka kuni. Mamilioni ya miti ya Cellina di Nardò na Ogliarola imekwenda. Anayeieneza ni mdudu mdogo wa mate, anayeishi ndani ya povu jeupe kwenye magugu akiwa mchanga. Ndiyo maana ardhi hulimwa au magugu hukatwa Machi na Aprili, kabla hajaota mabawa. Ukichelewa hadi Mei, ameshapanda mtini. Mashamba mapya unayoyaona mengi ni ya aina mbili zinazostahimili, Leccino na FS-17 inayoitwa pia Favolosa. Hazitoi ladha ya Salento ya zamani, na wakulima wanalijua hilo. Baadhi yao hubebesha miti mikongwe vikonyo vya aina hizo ili mashina yasing'olewe.

Siku ya 5, Andria na Corato

Coratina, iliyopewa jina na mji wa Corato, ni miongoni mwa aina zenye polifenoli nyingi kuliko zote. Mafuta yake ni machungu mbele ya ulimi, halafu koo linawaka na kikohozi hufuata. Watu wengi hudhani yameharibika, kumbe ni dalili ya uzima. Kinachowasha koo ni oleocanthal. Mwaka 2005 watafiti walieleza kwenye jarida la Nature kwamba hufanya kazi mwilini kwa namna inayofanana na ya dawa ya ibuprofen. Mafuta yaliyochacha hayawashi. Huwa mazito mdomoni, na harufu yake ni ya karanga za zamani.

Uchungu huu unadai chakula cha kuubeba. Wenyeji huusawazisha kwa fave e cicorie. Gramu 500 za maharage makavu ya fava yaliyomenywa huloweshwa usiku, huwekwa maji ya kufunika vidole viwili juu pamoja na kiazi kimoja, na kupikwa moto mdogo kama saa moja na nusu bila kukorogwa. Ukikoroga mapema hushika chini na kuungua. Mwishoni hupigwa kwa mwiko pamoja na mafuta hadi yawe uji mzito, na kando huwekwa chikori iliyochemshwa, ambayo uchungu wake ni wa ukoo mmoja na mchunga wetu. Vijiko viwili vya Coratina mbichi humiminwa juu, kwenye sahani. Ukiipika Coratina muda mrefu umetupa pesa.

Focaccia ya Bari hula mafuta kwa njia nyingine. Nusu unga wa kawaida na nusu semolina laini, kiazi kilichochemshwa na kupondwa ndani ya kinyunya, nyanya ndogo zilizopasuliwa kwa vidole, zeituni, oregano. Siri iko kwenye trei ya chuma: mafuta yafunike chini kote mpaka unaona yakicheza ukiinamisha. Chini ya focaccia inakaangika wakati juu inaokwa. Ukipaka kwa brashi tu, utatoa mkate.

Siku ya 6, Napoli

Hapa sugna ni malkia. Kutengeneza kwake ni rahisi, na huharibika kwa haraka ya mpishi. Mafuta mabichi yanayozunguka figo za nguruwe hukatwa vipande vya sentimita 2, huwekwa kwenye sufuria nzito na glasi ya maji kwa kila kilo, juu ya moto mdogo kabisa, saa mbili hadi tatu. Maji huzuia yasiungue kabla hayajaanza kuyeyuka, kisha hukauka. Mafuta yakiwa angavu na vipande vimeanza kupata rangi, huchujwa kwa kitambaa na kutiwa kwenye chupa kavu. Yakipoa huwa meupe kama maziwa. Yakiwa ya manjano au yananuka nyama choma, moto ulikuwa mkali. Yakiota ukungu, maji hayakuisha.

Kwa nini Napoli isitumie siagi? Jibu limo ndani ya sfogliatella riccia, andazi la tabaka nyingi. Kinyunya husukumwa kikawa chembamba kama karatasi, hupakwa sugna, huviringishwa kama mkeka, hupumzishwa kwenye baridi, kisha hukatwa vipande vinavyofunguliwa kwa dole gumba. Siagi huwa na maji hadi asilimia 16, na maji hayo hulowesha tabaka na kuzigandisha. Sugna karibu haina maji, kwa hiyo kila tabaka hubaki peke yake na kuvunjika kwa sauti. Taralli, vitafunio vya pilipili manga na lozi, na casatiello, mkate wa Pasaka, vinategemea sugna hiyohiyo.

Asiyekula nguruwe ana kimbilio zuri hapa. Kinyunya cha pizza ya Napoli, kwa kanuni iliyosajiliwa Ulaya mwaka 2010, ni unga, maji, chumvi na hamira peke yake, na juu hutiwa mafuta ya zeituni. Uliza tu kilichowekwa juu.

Siku ya 7, Roma

Wayahudi wa Roma, waliofungiwa ghetto, mtaa wao wa lazima, kuanzia mwaka 1555, hawakugusa nguruwe, na upishi wao ukasimama juu ya mafuta ya zeituni. Atichoki zao, carciofi alla giudia, ni darasa la kukaanga mara mbili. Atichoki ya duara isiyo na miiba hukatwa kwa kuizungusha kisuni hadi ibaki sehemu laini, hutiwa kwenye maji ya ndimu isigeuke nyeusi, hukaushwa vizuri, kisha hugongwa moja kwa nyingine ili petali zilegee. Kwanza hukaangwa kwa nyuzi 140 hadi 150, kama dakika 10, hadi uma upenye shinani. Huinuliwa, huachwa ichuje kichwa chini, petali hufunguliwa kama ua, na hurudishwa kwa dakika moja au mbili kwenye nyuzi 180. Ukiruka hatua ya kwanza, nje itaungua na moyo utakuwa mgumu. Ukiruka ya pili, utakula sponji ya mafuta.

Msimu wa atichoki hizo ni Februari hadi Aprili. Mkahawa unaozinadi Novemba umezileta kutoka mbali, na ni bora kusubiri.

Watu huogopa kukaangia extravergine, mafuta ya zeituni ya daraja la juu. Mafuta mabichi mazuri huanza kutoa moshi karibu na nyuzi 190 na kuendelea, ilhali kukaanga nyumbani hakuhitaji zaidi ya 180. Kinachoyaharibu ni kuyarudia rudia na kuacha makombo yaungue chini. Gharama ndiyo sababu ya kweli ya kutoyatumia.

Mlo wa pasta wa Roma unasimama juu ya guanciale, shavu la nguruwe lililokaushwa. Huwekwa kwenye kikaango baridi bila mafuta mengine, moto mdogo, likaachia mafuta yake lenyewe.

Siku ya 8, Trevi

Miteremko kutoka Assisi hadi Spoleto imejaa mizeituni ya Moraiolo juu ya udongo mwembamba wa mawe, na FAO iliitambua mwaka 2018 kama urithi wa kilimo wa dunia. Tunda ni dogo, linang'ang'ania tawini, na mavuno ni ya mkono na vitana. Mafuta yake yana uchungu uliokaa sawa na harufu ya majani mabichi. Kwa maoni yetu haya ndiyo mafuta ya kujifunzia kuonja, kwa kuwa kila kitu kimo na hakuna kinachopiga kelele.

Kuonja kwenyewe: mililita 15 ndani ya glasi ndogo ya buluu nzito. Buluu huficha rangi, maana kijani au dhahabu havisemi lolote kuhusu ubora. Funika kwa kiganja, zungusha hadi ifikie joto la kama nyuzi 28, funua, nusa mara moja kwa nguvu. Kisha nyonya kidogo pamoja na hewa kupitia meno, yasambae mdomoni, meza. Tafuta vitu vitatu: harufu ya tunda, uchungu, ukali wa kooni. Halafu tafuta kasoro: siki, ukungu, matope ya mashapo, zeituni zilizolala, na mafuta yaliyochacha. Pumzisha ulimi kwa kipande cha tofaa na maji.

Jopo rasmi lina waonjaji 8 hadi 12. Ili mafuta yaitwe extravergine, alama ya katikati (median) ya kasoro iwe sifuri, asidi huru isizidi asilimia 0.8 na peroksidi, kipimo cha mafuta kuanza kuchacha, isizidi 20. Asidi hupimwa maabara tu. Ulimi hauwezi kuionja, hata kama muuzaji atakuambia anaisikia.

Siku ya 9, mashamba ya Firenze

Tazama mashina. Miti mingi ya Toscana haina shina moja nene, ina matatu au manne membamba yanayotoka kisikini. Januari 1985 baridi ilishuka chini ya nyuzi sifuri kwa zaidi ya 20 viungani mwa Firenze, na sehemu kubwa ya mizeituni ya mkoa ikafa juu ya ardhi. Wakulima waliikata chini, wakachagua machipukizi, na wakaanza upya. Hofu ya baridi ndiyo inayowafanya Watoscana wachume mapema, na kuchuma mapema ndiko kunakotoa mafuta yao makali ya Frantoio na Moraiolo.

Huliwa kwa fettunta: mkate wa Toscana usio na chumvi, umechomwa juu ya makaa, umesuguliwa kitunguu saumu mara moja tu, chumvi, mafuta mapya mpaka yadondoke.

Siku ya 10, Colonnata

Kijiji kiko juu ya machimbo ya marumaru ya Carrara, na mafuta yake hukaa ndani ya marumaru. Lardo di Colonnata, yenye alama ya IGP, ile ya Ulaya inayolinda jina la eneo, tangu 2004, ni mafuta ya mgongo wa nguruwe, bamba lisilopungua unene wa sentimita 3. Ndani ya saa 72 baada ya kuchinjwa husuguliwa chumvi ya bahari na kupangwa kwenye conca, sanduku la marumaru ya eneo la Canaloni ambalo kuta zake zimesuguliwa kitunguu saumu. Tabaka la mafuta, tabaka la chumvi, pilipili manga, rozimari na kitunguu saumu, mpaka lijae. Wengine huongeza mdalasini, kungumanga na karafuu. Kifuniko cha marumaru huwekwa na kukaa miezi 6 au zaidi.

Kazi ya jiwe ni hii: lina chembe ndogo, ni baridi, na hubadilika joto polepole, kwa hiyo unyevu na joto ndani hubaki tulivu bila mtambo wowote. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye mafuta na kutengeneza maji ya chumvi yanayoyafunika. Mtengenezaji hufunua mara kwa mara kukagua kimo chake, yakipungua huongeza. Sehemu iliyobaki nje ya maji hayo hugeuka manjano na kuchacha. Lardo nzuri ni nyeupe au ya waridi hafifu, hukatwa nyembamba mno na huyeyuka juu ya mkate wa moto bila kuwekwa jikoni.

Siku ya 11, Forlì

Piadina ya Romagna ni jamaa wa chapati ya kusukuma, ila mafuta yake huingia kwenye unga na siyo kwenye kikaango. Kwa kilo moja ya unga, kanuni ya IGP ya mwaka 2014 inaruhusu mafuta hadi gramu 250, na mafuta hayo yanaweza kuwa strutto au ya zeituni. Hilo ni jambo la kushukuru: omba piadina all'olio. Ya strutto hupasuka kwa ulaini. Ya mafuta ya zeituni hukunjika vizuri na huwahi kukauka, kwa hiyo iliwe papo hapo. Kikaango bapa kiwe na nyuzi 200 hadi 250, jumla isizidi dakika 4. Kikaango cha vuguvugu hukausha piadina kabla haijapata madoa. Kule Rimini huwa pana na nyembamba, milimita 3. Forlì ni nene.

Siku ya 12, Milano kuelekea Asti

Uwanda wa mto Po ni wa ng'ombe na majani mabichi, na mzeituni hauvumilii ukungu na baridi yake. Kwa hiyo siagi. Mchele wa Milano hupikwa na uboho wa ng'ombe na zafarani, na mwishoni sufuria huondolewa motoni, siagi baridi hutupwa ndani pamoja na jibini na kukorogwa kwa nguvu. Siagi ya vuguvugu hutengana na kuacha dimbwi la manjano.

Cotoletta, nyama ya ndama yenye mfupa iliyopakwa yai na chenga za mkate, hukaangwa kwenye burro chiarificato. Mtu wa pwani yetu atalitambua bakuli hilo mara moja. Ni samli. Tofauti ni kwamba Mmilano huitoa motoni mapema, mashapo ya maziwa yakiwa bado meupe, kwa hiyo haina ile harufu nzito ya samli yetu iliyoachwa mpaka mashapo yawe kahawia. Gramu 500 za siagi hutoa takriban 400. Siagi ya kawaida hapa ingeungua, kwa sababu protini zake hugeuka nyeusi kabla nyama ya unene huo haijaiva.

Jioni, Asti, kuna bagna cauda: kwa watu 12, vichwa 12 vya kitunguu saumu, glasi 6 za mvinyo zilizojaa mafuta ya zeituni, gramu 600 za dagaa wa chumvi waliooshwa, motoni kidogo kidogo bila kuacha kitunguu kipate rangi. Kikiwa kahawia, sufuria yote imekuwa chungu. Piemonte haikuwa na mizeituni ya kutosha. Mafuta na dagaa vilipanda milima kutoka Liguria kwa nyumbu.

Siku ya 13, Imperia

Ngazi za mawe zisizo na saruji zinashika udongo wa mlima, na juu yake Taggiasca. Tunda dogo, lenye mafuta mengi, linalochelewa kuiva. Mavuno ndiyo kwanza yanaanza na yataingia mwaka mpya. Nyavu hutandikwa chini ya miti kwa miezi. Mafuta ni matamu, ya lozi, hayawashi. Baada ya Coratina yanaweza kuonekana hafifu, lakini weka tone juu ya samaki mweupe aliyechemshwa, utaona kwamba Coratina ingemfunika.

Pesto, mchuzi wa mrehani, inaeleza jambo hilohilo. Majani ya mrehani machanga gramu 60, mbegu za msonobari 30, Parmigiano 50, pecorino ya Sardegna 30, punje moja ya kitunguu saumu, chumvi ya mawe, mafuta ya Liguria mililita 70. Kinu cha kutwangia ni cha marumaru ya Carrara, mchi wa mti, na mkono husaga kwa kuzungusha ukutani. Ukitwanga kwa kupiga, au ukitumia mashine inayopata moto, majani huwa meusi.

Kisha farinata, mkate bapa wa tanuri, na unga wa dengu unarudi. Gramu 300 za unga, mililita 900 za maji, gramu 10 za chumvi. Acha saa 4 au zaidi, toa povu lote la juu, kwa kuwa ndilo linaloungua na kuleta uchungu. Trei mbili za shaba iliyopakwa bati, sentimita 34 kila moja. Mafuta kwanza, ya kutosha kufunika chini, kisha uji usiozidi milimita 7, koroga taratibu kwa mwiko ili mafuta yapande juu. Tanuri la kuni hufika nyuzi 300. Nyumbani washa tanuri hadi mwisho wake na uache trei ishike joto chini kabisa kabla ya kuihamisha juu.

Kuhusu kununua: soma chupa. Jina la mkoa lenye DOP au IGP, alama za Ulaya za kulinda asili, na mwaka wa mavuno, campagna di raccolta, ndivyo vya kutafuta. Maneno ya mchanganyiko wa mafuta kutoka nchi za Umoja wa Ulaya yanamaanisha zeituni hazikutoka zote hapo unaposimama. Kinu huuza mabati ya lita 5, ambayo ni kilo 4.6 za mafuta kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Ukifika nyumbani, hasa Mombasa au Dar es Salaam ambako jiko hukaa na joto la nyuzi 30, usiliache bati limefunguliwa nusu. Siku unayolifungua, gawa mafuta yote kwenye chupa nyeusi za nusu lita, ujaze hadi shingoni, ufunge, uweke mbali na jiko na dirisha. Chupa iliyofunguliwa iishe ndani ya wiki nne. Za ziada zinaweza kukaa kwenye friji. Zitaganda na kuwa na wingu, na zikirudi mezani zitayeyuka bila kudhurika.